Milango Kumi kwa Mwandiko Wangu

Kama ningepewa nafasi ya kurudisha neno moja tu katika maisha yangu, ningerudisha neno "sawa" nililolisema mlangoni pangu kule Gatwekera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, siku mbili baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, nilipoombwa niandike orodha. Ningesema siandiki. Ningesema macho yangu mabovu, mkono unauma, kalamu sina. Uongo wowote ungetosha. Lakini nilisema sawa, nikapokea kalamu, tena nikaijaribu kwanza pembeni mwa karatasi nione kama wino unatoka vizuri.

Ndugu zangu, nimeketi nanyi katika ukumbi huu wa mabati miaka mingi, na wengi wenu mnanijua kama mzee anayerekebisha viti. Nyinyi mliofika mwaka huu kutoka Kongo na Burundi hamjaisikia habari yangu. Mama wa kikundi ameniomba niiseme leo kwa sababu baadhi yenu mmekataa kumpa majina muuguzi anayekuja Alhamisi. Sikusimama kuwalaumu. Mimi nilikataa kuliko nyinyi wote. Tena nimemwona mmoja wenu, hapa ninapoongea, amegeuka kutazama kama nyuma yake kuna mtu anayeandika. Hakuna. Nilitazama mimi pia kabla sijasimama. Ni tabia ambayo haijaniisha, na sidhani itaniisha.

Mimi ni seremala, Mkamba wa Machakos, na nilisoma hadi kidato cha nne. Katika ploti yetu ya Gatwekera tulikuwa milango kumi, mitano upande huu na mitano upande ule, na katikati ujia ambao watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Milango yote kumi niliitengeneza mimi. Namba zake nilizipaka mimi, kwa rangi ya bluu iliyobaki katika kazi fulani ya shule. Na nilikuwa mwandishi wa ploti. Mtu akitaka barua ya kuomba ruhusa kazini, fomu ya mtoto ya shule, tangazo la mazishi, alikuja kwangu. Walisema mwandiko wangu ni kama wa kitabu. Nilipenda sana kusikia hivyo. Mniwie radhi kwa kusimulia jambo dogo namna hii, lakini kupenda huko ndiko kulikonishika mkono siku ile.

Mimi na mke wangu tulikaa mlango wa tano. Mlango wa sita, uliotazamana na wetu, alikaa fundi wa nguo na mkewe, watu ambao kwao ni Kinangop, wa kabila la yule aliyetangazwa mshindi. Tulikuwa majirani miaka kumi na tisa. Mke wangu alipolazwa na kifua kikuu miezi minne, mke wa fundi ndiye aliyemlea binti yetu mchanga, akimlaza kitanda kimoja na watoto wake. Tangu hapo mke wangu hakumwita jirani. Alimwita dada yangu. Na kibao kilichokuwa juu ya duka la fundi, kilichosema anashona nguo za wake kwa waume, nilikiandika mimi.

Sasa siku yenyewe. Walikuja mchana peupe, vijana watatu na mtu mzima mmoja. Vijana wawili niliwajua tangu wakitembea bila suruali. Yule mtu mzima alikuwa wa ploti ya nyuma, mtu wa heshima, aliyewahi kunitafutia kazi ya madawati. Walikuwa na daftari jipya la jalada gumu.

"Mzee, hii ploti ni wewe uko na mwandiko poa," kijana mmoja akasema. "Tuandikie tu nani anaishi mlango gani, na kwao ni wapi."

Nikauliza ni ya nini.

"Ni ya usalama."

Nililitazama lile daftari. Basi yule mtu mzima akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ama kuna mtu unaficha?"

Nawaambia ukweli, nilijua. Watu husema hawakujua. Mimi nilijua. Ploti ya chini kulikuwa na nyumba zinafuka moshi tangu asubuhi, na nguo za vijana wale zilinuka moshi huo huo. Lakini nilijiambia kwamba majina haya yanajulikana na kila mtu, kwamba nisipoandika mimi ataandika mwingine, tena kwa makosa. Nikaandika. Mlango wa kwanza, jina, kwao. Wa pili, jina, kwao. Nilipofika wa sita kalamu ilisimama. Ningeweza kuandika Mwingi, kwetu Ukambani. Fundi alijua Kikamba cha kutosha kuombea maji na kusalimia wazee, nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, na vijana wale wasingemkamata kwa lugha. Nililifikiria jambo hilo kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha nikaogopa kwamba ikijulikana nimedanganya nitaulizwa mimi. Nikaandika Kinangop. Nilipomaliza nikachukua rula yangu ya useremala nikapiga mstari chini ya orodha, kama tulivyofundishwa shuleni.

"Kazi safi, mzee," yule mtu mzima akasema.

Mke wangu alikuwa kwenye foleni ya maji. Hakuona.

Kesho yake, saa nane mchana, walikuja wengi. Hawakuuliza mtu kitu. Walipita mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakasimama wa nne, wenyewe wakawa wameshakimbia. Kisha wakaupita wetu. Kisha wakasimama wa sita. Nilikuwa nimefunga komeo kwa ndani, komeo nililolipiga mwenyewe, na mke wangu alikuwa analivuta huku mimi nimemshika kiunoni. Alisema, "Fungua." Nikamwambia watatuua. Akasema tena fungua, kisha akaacha kusema, akaweka jicho kwenye ufa.

Fundi angetoka tu, pengine wangemwacha. Lakini aliishika cherehani yake. Waliitupa ujiani naye akiwa ameing'ang'ania kwa chini, pale pa kukanyagia, na kile chuma kilimwangukia mguu wa kulia chini ya goti. Nilisikia mlio wake kwanza, kisha nikasikia mke wake. Mkewe na watoto wao walimbeba kwa shuka wakaenda naye upande wa uwanja wa maonyesho, walikokimbilia waliofukuzwa, na tangu hapo hatukujua walikokwenda.

Mke wangu aligeuka kutoka kwenye ufa. "Hawakuuliza," akasema. "Walijuaje mlango?"

Nikasema sijui.

Ndugu zangu, hilo "sijui" nililiishi zaidi ya mwaka mzima.

Zamu yetu ilikuja baada ya siku chache tu. Mtu mkubwa wa kwetu Ukambani alipewa na mshindi yule cheo kikubwa serikalini, na asubuhi iliyofuata sisi Wakamba tukawa wasaliti. Mama mmoja wa mlango wa pili alikuja kutunong'onezea kwamba tusingoje saa sita. Tulipakia godoro, jiko na sanduku langu la vifaa kwenye mkokoteni tukaja huku Gatina, Kawangware, kwa sababu mtu wa kanisa letu alikuwa na chumba. Nilikuwa nasukuma mkokoteni na nawaza jambo moja tu. Katika orodha ile, mlango wa tano, nilikuwa nimeandika Machakos. Kwa herufi nzuri.

Hapa ndipo ugonjwa ulianza, ingawa sikuuita ugonjwa. Niliuita akili. Nilisema mimi nimefunguka macho, wengine ndio wamelala.

Nilianza kuogopa kalamu. Mnacheka, chekeni tu, hata mimi sasa nacheka kidogo. Nikimwona mtu ana kalamu mfukoni nilibadilisha njia. Bawabu wa ghorofa tulilokaa alikuwa na karatasi ya wapangaji ukutani. Niliichana mara tatu, naye akadhani ni watoto. Msalaba mwekundu ulipakwa kwenye ukuta wa jirani, nami nikamhamisha mke wangu kwa binamu yangu siku mbili, kumbe ni watu wa bomba la maji wanaweka alama ya kuchimba. Watu wa misaada walikuja kanisani wakiandika majina ya waliofukuzwa wapewe blanketi na unga. Nilimkataza mke wangu kujiandikisha. Tulilala na baridi ya mwezi wa saba tukijifunika makoti. Kazi ya kutengeneza madirisha kule Lavington niliiacha siku ya pili kwa sababu msimamizi aliita watu kwa kusoma majina kwenye daftari. Nilikuwa natoka nyumbani, narudi kutazama kama nimefunga, natoka, narudi. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa kitako. Usingizi ulinitoroka. Na kila mtu aliyeniuliza unaendeleaje, nilimuuliza ndani yangu, kwa nini unataka kujua?

Mke wangu naye alikuwa na shuku zake, lakini zake zilikuwa na kazi maalumu. Alikuwa anamtafuta dada yake, mke wa fundi. Kila Jumapili baada ya ibada alizunguka kanisa moja baada ya jingine hapa Kawangware akiuliza kama kuna mtu amewaona. Mimi nilifuatana naye. Na alikuwa anamtafuta mtu wa pili, yule aliyewauza. Alikaa na maswali hayo kila akipika. Nani aliyejua milango yote? Nani ana daftari? Siku moja akaweka mwiko chini akasema, "Mzee wa maji."

Huyo alikuwa mzee mwenye kioski cha maji kule Mashimoni tulikochota miaka yote. Alikuwa na daftari la kuandika nani amechukua mitungi mingapi, na majina yetu sote yalikuwamo. Mke wangu alinitazama anione nasemaje.

Nikasema, "Inawezekana."

Tulipokwenda kuchukua viti viwili tulivyoviacha kwa rafiki, tulipita Mashimoni. Foleni ilikuwa ndefu. Mke wangu alisimama mbele ya kioski akamwambia mzee yule, watu wote wakisikia, kwamba yeye ni muuza watu na damu ya fundi iko kwenye mfereji wake. Mzee alifunga bomba tu, akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika kiti kwa miguu yake. Nilishika kiti kile nikasubiri mke wangu amalize. Baadaye tulisikia wanawake wengi wameacha kuchota kwake.

Sasa nifike kwenye kikundi hiki.

Mwaka uliofuata mke wangu alikutana na mama mmoja Mkongo aliyekuwa anatembeza vitenge. Mnamjua, ndiye mama wa kikundi, huyo aliyekaa pale ananikatalia kwa macho nisimsifu. Alikuwa amekimbia vita vya Kivu, akafika Kawangware kabla ya machafuko yetu, na akatuona sisi wenyeji tunakuwa wakimbizi ndani ya mji wetu. Aliwakusanya wanawake wa kwao, kisha wetu, hapa ukumbini. Hakukuwa na mabango, hakukuwa na hotuba. Shule jirani ilileta gunia la maharagwe, kila mtu akapewa ungo, wakachagua mawe na mbegu mbovu huku wanaongea. Utaratibu ulikuwa kwamba mikono isisimame na macho yabaki kwenye ungo, ili anayesema asitazamwe. Mpaka leo tunafanya hivyo, isipokuwa siku kama hii.

Mke wangu alinileta kwa ujanja. Alisema kuna viti vibovu. Nilirekebisha viti wiki tatu nikiwa nawachunguza. Niliona mama yule anatoka kila Jumanne saa tatu na mfuko mzito, anapita njia ya nyuma. Nikasema, haya, huyo ndiye. Anapeleka habari zetu mahali. Jumanne moja nikamfuata. Alipita soko, akapita stendi, akakata kona karibu na kituo cha afya, nami nyuma yake najifanya natazama viatu vya mitumba. Ghafla akasimama, bila hata kugeuka akasema:

"Papa, kama unanifwata, kuja basi unisaidiye kubeba hii mufuko."

Niliubeba. Ningefanya nini? Ulikuwa na vitenge. Tuliingia kituo cha afya, akakaa kwenye benchi la wagonjwa wa akili, akanionyesha nafasi kando yake. Aliniambia kwamba yeye hunywa dawa tangu mwaka aliofika Nairobi, kwa sababu mahali alipotoka watu walikuja na orodha, na jina lake na la mume wake yalikuwamo, na yeye peke yake hakuwapo nyumbani. Alisema kwamba alikuwa akiona kalamu anatapika. Nilitaka kusimama niondoke, nikashindwa, kwa sababu mfuko ulikuwa magotini pangu.

"Ulifikiria nauzaka watu?" akaniuliza. "Minauza vitenge tu, papa, na hata vitenge watu hawanunue."

Sikumwambia chochote siku ile. Lakini niliacha kumfuata kwa siri. Kila Jumanne nilimbebea mfuko.

Baada ya miezi kadhaa kituo cha afya kilikubali kumleta muuguzi hapa ukumbini, ili wale wanaoogopa kwenda huko wapate kusikilizwa na kupewa dawa. Walitaka jambo moja, majina ya watakaomwona, ili waandae kadi. Siku hiyo tulikuwa kama ishirini, tumekaa na nyungo. Mke wangu alikuwa amekaa kando yangu. Mama Mkongo alileta daftari jipya la jalada gumu, akaliweka kwenye ungo wangu, juu ya maharagwe. Alikuwa ameona maandishi yangu ya penseli chini ya viti.

"Andika wewe, papa," akasema. "Wewe uko na mwandiko muzuri."

Hakujua. Angejuaje? Nilifungua ukurasa wa kwanza, na mkono wangu, huu hapa, ukaanza wenyewe kuvuta kalamu kuijaribu pembeni mwa karatasi. Nilipouona mkono ukifanya hivyo nilisikia sauti inasema, kumbe ni yangu.

"Ni mimi niliyeandika," nikasema. "Kule Gatwekera. Orodha ya ploti. Ilikuwa mwandiko wangu."

Maharagwe yaliacha kulia kwenye nyungo. Watu wote waliinua macho, ingawa imekatazwa. Ni ungo mmoja tu ulioendelea, wa mke wangu. Vidole vyake vilikuwa vinaenda vile vile, jiwe huku, mbegu mbovu huku.

Akaniuliza bila kunitazama, "Mlango wa sita uliandika wapi?"

"Kinangop."

"Ungeandika Mwingi."

"Ndiyo."

"Na mzee wa maji?"

"Hakuhusika."

Alimaliza ungo wake. Alipuliza makapi, akamimina maharagwe ndani ya sufuria bila kumwaga hata moja, akapangusa mikono kwa leso, akatoka. Nitarudi kwake.

Mimi nilibaki. Mama Mkongo aliniondolea daftari magotini. Mkumbuke huyu ni mtu aliyepotewa na mume kwa orodha kama yangu. Nilimngoja anitemee mate. Alilifunga daftari, kisha akasema kwamba leo hawezi kunitazama, lakini Jumanne nije tu, mfuko bado ni mzito. Nilikuja. Safari hiyo nilikaa kwenye benchi kama mgonjwa. Muuguzi aliniuliza maswali, nami nikamuuliza yeye kwanza: unaandika nini, nani atasoma, karatasi inakaa wapi. Alinigeuzia karatasi nikaisoma neno kwa neno. Alinipa dawa, akaniambia nirudi kila wiki tuongee, na nilirudi. Baada ya mwezi na nusu nililala kuanzia saa tatu hadi alfajiri, nikaamka nikidhani nimekufa.

Dawa ilinipa usingizi. Mambo mengine haikuyagusa, hayo ilibidi niende kwa miguu. Nilikwenda Mashimoni kumwomba msamaha mzee wa maji. Alinisikiliza, akaendelea kujaza mtungi wa mtu, kisha akasema, "Mimi nilitukanwa hapa, foleni ikiwa hapa. Ngoja foleni ijae." Nikangoja. Watu walipofika nje ya kona akaniambia sasa. Nilisimama juu ya jiwe la kuwekea mitungi nikasema kile nilichowaambia nyinyi leo. Mwanamke mmoja alinimwagia maji. Mzee wa maji alinipa kitambaa cha kujifutia, akaniambia nisiende kwake tena mpaka aniite. Hakuniita. Nasikia kioski sasa anasimamia mwanawe.

Kisha binti yetu alinipigia simu akasema mama yake ameshawapata fundi na mkewe, wako kwao Kinangop, na kwamba mama mwenyewe ameshakwenda kuwaona. Ujumbe ulikuwa kwamba nikitaka, njia ninaijua.

Nilimkuta fundi amekaa nje kwenye jua, mguu wa kulia umenyooka mbele yake kama ubao, anashona pindo la sketi kwa mkono. Hawezi kukanyaga cherehani. Mkewe aliniona, akaingia ndani, sikumwona tena siku hiyo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipoanza fundi alinikatiza.

"Nilijua siku ile ile, jirani," akasema. "Kijana mmoja aliingia ndani akanishikia daftari hapa usoni, nione jina langu limo. Herufi zako nimezisoma juu ya duka langu miaka mingapi?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Nimwambie nani? Nilingoja useme wewe."

Hakuniambia amenisamehe. Nilipomuuliza alisema bado hajafika huko, akifika atanijulisha. Lakini mwezi uliofuata nilipanda na sanduku langu la vifaa, nikamtengenezea meza ya cherehani ya kuzungusha kwa mkono, ya kimo chake, yenye nafasi ya kunyoosha mguu ule. Aliipapasa kote, akatikisa, akaona haichezi. "Usiandike namba yoyote juu yake," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu mwaka ule. Sijui kama ilikuwa utani.

Sasa nyinyi mnaoogopa daftari la Alhamisi. Siwaambii msishuku. Mna haki ya kushuku, mmeyaona. Ulizeni kama nilivyouliza: ni ya nini, nani atasoma, inakaa wapi. Asiyejibu, msimwandikie. Lakini kushuku kukikuzuia kwenda kutibiwa, ujue sasa ni orodha ile ile iliyokuumiza inayokuumiza tena, na safari hii wewe ndiye unayejifungia mlango. Mimi nilikaa zaidi ya mwaka ndani ya mlango huo. Na katika kikundi hiki, tangu siku ile, hakuna mtu anayemwandika mwenzake. Daftari linakaa juu ya meza katikati. Kila mtu anaandika jina lake kwa mkono wake, lile analotaka kuitwa, na asiyejua kuandika anaweka kidole. Kwao ni wapi hatuandiki. Na ukitaka kuchana ukurasa wako unachana, hakuna atakayekuuliza.

Namshukuru mama wa kikundi, aliyenipa mfuko wake kubeba akijua nilikuja kumpeleleza, na akanipa tena alipojua nilichokifanya. Namshukuru muuguzi aliyegeuza karatasi. Namshukuru mzee wa maji kwa kunisimamisha juu ya jiwe lile. Fundi namshukuru kwa kunifungulia uwanja wake, hata kama moyo bado.

Na mke wangu. Siku ile alipotoka hapa hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Mashimoni kumwomba radhi mzee wa maji, kabla yangu, kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Jioni alirudi, akafunga nguo zake kwenye shuka. Nilimwambia niliogopa. Akasema kuogopa anakuelewa, hata yeye siku ile aliogopa.

"Lakini uliniona nikimtafuta dada yangu kanisa hadi kanisa," akasema. "Mvua ikinyesha. Na wewe ulikuwa unanishikia mwavuli."

Hakupiga kelele wala hakulia. Alienda kwa dada yake wa tumbo moja kule Kangundo. Nimemwandikia barua, hazijibu. Nimetuma wazee, wamepewa chai wakarudishwa. Binti yetu anasema ana afya njema, anafuga kuku, na kila Desemba anapanda Kinangop kukaa na mke wa fundi.

Ndugu zangu, niliandika orodha ile ili nisiulizwe tena swali moja na mtu wa ploti ya nyuma. Ilimgharimu fundi mguu wake. Mimi ilinigharimu mke wangu. Tulikaa pamoja miaka ishirini na minane, yuko hai, na hatarudi.